VVU na njia ya haja kubwa: imani isiyo sahihi
Kwa miaka mingi, katika pwani ya Kenya na kwingineko, wapo walioamini kwamba VVU haviambukizwi kwa ngono ya njia ya haja kubwa, kwa kuwa mafunzo mengi ya Ukimwi yalimzungumzia mwanamume na mwanamke tu. Ukweli ni kinyume chake: utando wa sehemu hiyo ni mwembamba, huchubuka upesi, na kwa anayeingiliwa bila kinga hatari ya kila tendo ni zaidi ya mara 10 ya ile ya mwanamke anayeingiliwa ukeni. Kondomu nayo hudhoofika kwa dakika chache tu ikipakwa mafuta ya nazi au ya mgando. Kinachofaa ni kilainishi cha maji. Tangu 2017 Kenya hutoa pia dawa kinga (PrEP) kwa asiye na VVU, ambayo ikimezwa ipasavyo hupunguza sana maambukizi. Lakini mhudumu wa afya akimkemea mwanamume aliyelala na mwanamume mwenzake, huyo harudi tena, na jambo hilo linasikitisha mno. Akiulizwa faraghani, bila kuhukumiwa, atasema aliingiliwa vipi. Na asiposema, kipimo cha mkojo hakitaonyesha kisonono kilichojificha kwenye njia ya haja kubwa.