Kupiga picha vimondo: kamera itulie au izungushwe kufuata nyota?

Zikikaribia siku za mvua ya vimondo ya Perseidi, yaani tarehe 12 na 13 Agosti, au za Geminidi, 13 na 14 Desemba, kituoni kwetu swali huwa lile lile: ninunue mota ya kuzungusha kamera ifuate nyota, au stendi ya miguu mitatu inatosha?

Kwa wengi wenu inatosha, na sababu iko kwenye kimondo chenyewe. Nyota hukaa pale pale ikimimina mwanga muda wote shata, yaani kizibo kinachoruhusu mwanga kuingia kwenye kamera, iko wazi, hivyo ukiifuata kwa mota, kila sekunde unayoongeza huzidi kuing'arisha. Kimondo hakisubiri. Kile cha Perseidi huingia angani kwa kasi ya kilomita 59 kwa sekunde, na kwenye kihisi cha kamera hupita juu ya kila nukta kwa muda unaokaribia sehemu moja ya elfu ya sekunde. Shata ikae wazi sekunde 10 au dakika 5, mstari wake utang'aa vile vile. Kinachoongezeka ni mwanga wa anga nyuma yake, na huo ndio unaoumeza. Kwa hiyo fedha ya mota ningeiweka kwanza kwenye lenzi pana inayofunguka hadi f/2.8 au pana zaidi (namba ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi).

Tatizo la kamera iliyotulia ni nyota, si kimondo. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kwa saa. Katika sekunde 30, nyota iliyo kwenye ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya Dunia, husogea kiasi cha robo ya upana wa mwezi mpevu. Ikuze picha iliyopigwa kwa lenzi ya milimita 24 na utaona: badala ya kidoti, kila nyota ni kistari kifupi, vyote vimelala upande mmoja. Punguza hadi sekunde 15 na kasoro hiyo karibu haionekani.

Mota ina mahali pake, napo ni pale unapotaka kuonyesha kitovu. Vimondo vya Perseidi huonekana kama vinatoka sehemu moja katika kundinyota la Perseus, na sehemu hiyo husafiri angani pamoja na nyota. Kamera inayoifuata hukuwezesha kupanga picha za muda wa saa nne, moja juu ya nyingine, na mistari yote ikarudi pale pale ilikotoka. Ni picha inayofundisha kuliko mchoro wowote niliowahi kuchora ubaoni! Gharama yake ni kwamba miti na vilima vitavutika na kufifia, na mhimili wa mota lazima uelekezwe sawasawa kwenye ncha ya anga, mahali ambapo nyota huonekana kuzunguka, kabla hujaanza. Hata hapo, usivuke dakika moja kwa picha.

Njia yoyote utakayochagua, zima ule mpangilio wa kamera wa kusafisha chenga za picha za muda mrefu. Ukiwa umewashwa, kila baada ya picha kamera hupiga nyingine ya giza yenye urefu ule ule, na nusu ya usiku wako hupita ikiwa haioni kitu. Weka pengo la sekunde moja tu kati ya picha, kisha kila nusu saa mulika lenzi kwa tochi nyekundu uone kama umande umetua.