Je, wajua kwa nini mcheza sataranji huchoka hoi ilhali amekaa kitini?

Tarehe 3 Desemba 2021, saa kumi na nusu alasiri kwa saa za Dubai, Magnus Carlsen wa Norwei na Ian Nepomniachtchi wa Urusi walikaa kucheza mchezo wa 6 wa kuwania ubingwa wa dunia wa sataranji. Walipoinuka, saa sita ya usiku ilikuwa imeshapita. Hatua 136, karibu saa 7 na dakika 45: hakujawahi kuwa na mchezo mrefu kuliko huo katika historia ya ubingwa wa dunia. Carlsen alishinda, na kwa ushindi huo akakata mlolongo wa sare 19 za michezo ya ubingwa ya muda wa kawaida, si ile ya haraka, mlolongo ulioanzia 2016.

Sasa, mtu amekaa kwenye kiti kizuri, kiyoyozi kinapuliza, kazi yake ni kusogeza kete moja kila baada ya dakika kadhaa. Anachoshwa na nini?

Jibu linalozungushwa sana mitandaoni ni kwamba mabingwa wa mchezo huu huunguza kalori 6,000 kwa siku. Mimi silikubali. Hicho ni kiwango cha mwendesha baiskeli anayepanda milima kutwa nzima. Ni kweli ubongo ni mlaji mkubwa: uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliotulia. Ila ubongo hula hivyo hata ukiwa umelala chali ukitazama dari, na kufikiri kwa bidii huongeza kidogo sana juu yake. Vifaa vya mkononi vinavyokadiria kalori kwa kusoma mapigo ya moyo navyo hudanganyika hapa. Moyo wa mchezaji hudunda kwa wasiwasi, kifaa kikadhani mtu anakimbia, kumbe misuli haijafanya lolote.

Mzigo wenyewe uko kwenye saa. Kila mchezaji ana muda wake. Akishasogeza kete anabonyeza saa, muda wake unasimama na wa mwenzake unaanza kukimbia. Pale Dubai kila mmoja alipewa dakika 120 kwa hatua 40 za kwanza, dakika 60 kwa hatua 20 zinazofuata, kisha dakika 15 za mwisho pamoja na sekunde 30 za nyongeza kwa kila hatua kuanzia ya 61. Ukipiga hesabu ya hatua 136 unapata karibu saa nne kasoro kwa kila mtu, yaani saa nane kasorobo kwa wote wawili. Kwa maneno mengine, walitumia karibu kila dakika waliyopewa.

Ugumu ni kwamba hakuna anayekuambia dakika zako uzimwage wapi. Ukitafakari nusu saa kwenye hatua ya 15, utalipia kwenye ya 35. Ndivyo ilivyokuwa siku ile. Carlsen alikuwa ametoa malkia wake, kete yenye nguvu kuliko zote, akapata ngome mbili za mpinzani, mizani ikawa haieleweki, na wote wawili wakafika karibu na hatua ya 40 dakika zikiwa zimewaishia. Katika kipindi hicho kila mmoja alipitwa na nafasi nzuri. Mtazamaji aliyefungua programu ya sataranji kwenye kompyuta yake nyumbani aliziona nafasi hizo papo hapo. Waliokuwa mezani waliona saa inayoteremka.

Na kichwani kuna nini wakati huo? Mchezaji haoni ubao mmoja. Anajiambia nikienda hapa, naye atakwenda pale au kule. Akienda kule, mimi nina njia tatu. Kila tawi ni ubao mwingine usioonekana, na lazima aukumbuke ulivyo, farasi yuko wapi, askari yupi ameshaliwa, kisha arudi mwanzo na kulipima tawi jingine. Zamu ya mpinzani nayo si mapumziko, maana ndiyo nafasi ya kukagua alichokisahau. Juu ya yote kuna sheria ya kugusa: kete yako uliyoigusa kwa kusudi, lazima uisogeze. Kosa halifutiki, hata ukiligundua nusu sekunde baadaye.

Sehemu inayonivutia zaidi ni ya mwisho. Zilibaki kete saba ubaoni: Carlsen ana mfalme, ngome, farasi na askari wawili, Nepomniachtchi ana mfalme na malkia. Hali za kete saba au pungufu zimeshahesabiwa zote na kompyuta hadi mwisho, kwa hiyo jibu lilikuwa linajulikana: malkia akichezwa sawasawa, ni sare. Lakini sawasawa hiyo inataka upate hatua sahihi mara kumi, mara ishirini, usiku wa manane, ukiwa na sekunde zako 30 na vichembe. Anayeshambulia anaweza kukosea akarudi kujipanga upya. Anayejilinda akikosea mara moja, basi. Kwenye hatua ya 130 malkia akasogezwa mahali pasipofaa. Hatua sita baadaye mchezo ukaisha.

Zamani mchezo mrefu kama huo ungesimamishwa. Mchezaji aliandika hatua yake kwa siri, ikafungwa kwenye bahasha, watu wakaenda kulala, wakaendelea siku nyingine. Ndivyo Karpov na Korchnoi, wakiwania ubingwa wa dunia, walivyofikisha hatua 124 kule Baguio, Ufilipino, mwaka 1978. Kompyuta ndizo zilizoua utaratibu huo, kwani bahasha ikishafungwa, kila kambi ingeenda kuiuliza mashine. Sasa mnamaliza mlipokaa.

Kulala, hata hivyo, hakukuwa dawa ya yote. Mpambano wa ubingwa wa dunia kati ya Karpov na Kasparov ulioanza Moscow Septemba 1984 ulitaka mtu ashinde mara sita, sare hazihesabiwi. Ulikwenda michezo 48, sare 40, hadi rais wa shirikisho la dunia alipouvunja Februari 1985 bila mshindi. Ilisemekana Karpov alikuwa amepungua kama kilo 10. Hapo, kwa maoni yangu, tusitafute ubongo unaounguza mafuta: miezi mitano ya msongo wa mawazo hukata hamu ya kula na hukata usingizi, na hayo mawili yanatosha kumkondesha yeyote.

Dubai nako uchovu haukuishia usiku ule. Katika mchezo wa 9 Nepomniachtchi alisukuma askari mmoja, na kwa hatua hiyo akamwacha askofu wake anaswe bila njia ya kutoka, kosa ambalo hata mwanafunzi wa klabu angeliona. Tarehe 10 Desemba mpambano ukaisha, pointi 7.5 za Carlsen kwa 3.5 za Nepomniachtchi. Huwezi kuthibitisha kwamba mchezo wa 6 ndio uliomvunja, lakini kabla yake hakuwa amepoteza hata mmoja katika mpambano huo.

Anayecheza mashindano ya wikendi hukutana na jambo hili hili kwa njia nyingine. Raundi huwa mbili au tatu kwa siku, na mchezo mgumu wa asubuhi unakula muda wa chakula cha mchana. Ndiyo maana wenye uzoefu huja na ndizi na chupa ya maji, huinuka kunyoosha miguu zamu ikiwa ya mwenzao, na raundi ikiisha hawakai kuuchambua mchezo walioshindwa. Uchambuzi wanauacha mpaka mashindano yaishe.