Je, wajua turbo hairudishi moshi ndani ya injini?

Simama steji ya Malindi matatu ya dizeli inapong'oa kwenda Mombasa. Kama ina turbo, kifaa cha kuiongezea injini nguvu, utasikia mluzi mwembamba ukipanda juu ya ngurumo ya injini. Kwa miaka mingi niliamini huo ni moshi unaorudishwa ndani ukachomwe mara ya pili. Nilijua turbo hukaa kwenye njia ya ekzosi, nikamalizia mwenyewe: kama imekaa njia ya moshi, itakuwa na kazi gani tena isipokuwa kuurudisha?

Sivyo, na moto wenyewe unaeleza kwa nini. Mchoma mishikaki hupepea jiko kwa kipepeo cha ukili ili mkaa upate hewa, kwa sababu mkaa anao tele. Kinachopungua ni oksijeni, nayo ni asilimia 21 tu ya hewa tunayovuta. Injini ina shida iyo hiyo. Mafuta ni rahisi kuongeza, lakini lita moja ya petroli huhitaji takriban lita 9,000 za hewa ndipo iungue sawasawa, na silinda, chumba mafuta yanamochomwa, haitanuki. Moshi ni hewa iliyokwisha kutumika. Ukiujaza humo, umeipokonya hewa safi nafasi yake na nguvu zitapungua.

Lakini anayedhani hivyo hakuota. Magari mengi ya dizeli ya siku hizi yana vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini. Lengo lake ni kupunguza joto la mwako ili gesi chafu za naitrojeni zisizalike kwa wingi. Haikuwekwa kuongeza nguvu. Ni kifaa kingine kabisa, ila nacho kinachota kwenye moshi uo huo, na hapo ndipo watu wanapovichanganya.

Mimi nilitolewa gizani na fundi aliyekuwa ameifungua turbo iliyokufa. "Tia kidole huku, mwanangu. Huku ni moshi. Sasa tia huku. Huku hewa safi. Havikutani kabisa."

Chukua vititia viwili, vile wanavyochezea watoto, uvitie kwenye ncha mbili za kijiti kimoja, kisha upitishe kijiti kwenye tundu la ukuta. Ukipuliza cha upande huu, cha upande wa pili nacho kinazunguka, ingawa pumzi yako haikufika huko. Kinachovuka ukuta ni mzunguko tu. Ndani ya turbo, moshi wa moto hukipiga kititia cha kwanza, na cha pili huvuta hewa safi na kuishindilia kwenye silinda. Kijiti hicho huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Mluzi ni wake.

Supachaja nayo hushindilia hewa, ila huzungushwa na injini yenyewe, mara nyingi kwa mkanda kutoka kwenye kranki, yaani mhimili mkuu wa injini. Ni mpishi anayepepea jiko kwa mkono ule ule unaogeuza mishikaki: upepo unakuja papo hapo, lakini mkono unachoka. Turbo hutumia kilichokuwa kikitupwa, maana karibu theluthi ya nishati ya mafuta hutoka pamoja na moshi. Si bure kabisa, kwa kuwa kititia huuzuia moshi kidogo na pistoni hulazimika kuusukuma kwa nguvu zaidi. Tena ina kuchelewa: unakanyaga mafuta, unangoja kidogo mpaka moshi utoshe, ndipo gari linachomoka.

Wazo hili ni kongwe. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alilisajili mwaka 1905. Mwaka 1918 Sanford Moss alipandisha injini ya ndege yenye turbo kwenye mlima Pikes Peak, Marekani, zaidi ya mita 4,000 juu, kuonyesha kwamba turbo huirudishia injini nguvu inazopoteza hewa inapokuwa nyepesi. Sisi wa pwani hatulioni jambo hilo mpaka tusafiri. Lori la maembe likitoka Malindi kwenda Nairobi, hufika mahali ambapo kila pumzi ya injini ina hewa pungufu kwa karibu sehemu moja kati ya sita. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Yenye turbo huzungusha kititia kwa kasi zaidi na kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, na dereva huenda asihisi kitu.