Hades si Shetani wa Wagiriki

Kila muhula nikianza mada ya dini za kale, mkono unanyooshwa kabla sijamaliza kuandika ubaoni: "Mwalimu, kwa hiyo huyu Hades ndiye Shetani wao?" Wiki iliyopita waliuliza watatu, darasa moja, siku moja. Nimelijibu kwa mdomo miaka nenda rudi, leo naliandika.

Siye. Hades hakuasi, hakutupwa kutoka mbinguni, hashawishi mtu kutenda dhambi. Ni mungu wa Wagiriki wa kale anayetawala wafu, ndugu wa Zeus, mkuu wa miungu, tumbo moja, watoto wa Kronos na Rhea. Katika Iliadi, utenzi wa kale wa Kigiriki, kitabu cha 15, ndugu yao Poseidon anasimulia walivyogawana urithi kwa kura: yeye akapata bahari, Zeus mbingu, Hades giza la chini. Ardhi na mlima Olympus vikabaki vya wote. Kwa hiyo yuko kule kwa sababu kura ilimwangukia, basi.

Wala si yeye anayefisha watu. Hiyo ni kazi ya Thanatos, mungu wa kifo. Na kule hakuna moto unaowangoja waovu wote. Wachache waliowakosea miungu wana adhabu zao, kama Sisyphus, anayesukuma jiwe lake mlimani bila kikomo. Wengine, wema kwa wabaya, ni vivuli tu. Achilles, shujaa kuliko wote, yumo humo humo, na anamwambia Odysseus, shujaa mwenzake aliyefika huko akiwa hai, kwamba afadhali awe kibarua wa maskini duniani kuliko kuwatawala wafu wote. Nikisoma mistari hiyo, darasa hunyamaza kimya.

Najua kosa linakotoka. Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, na "milango ya kuzimu" ya Mathayo 16 kwa Kigiriki ni milango ya Hades. Lakini pale ni mahali, makao ya wafu. Jehanamu ni neno jingine kabisa, limetokana na bonde la Hinomu pale Yerusalemu. Wanafunzi wanachukua mungu wa Wagiriki, kuzimu ya Biblia na moto wa Jehanamu, wanavikoroga chungu kimoja, kisha wananiletea nionje!

Sisemi alikuwa mpole. Alimteka Persephone, na Zeus, baba mzazi wa binti, ndiye aliyeridhia. Watu walimwogopa hata kutaja jina lake, wakamwita Plouton, jina linalotokana na neno la utajiri, kwa kuwa nafaka na madini hutoka chini ya ardhi. Katika British Museum kuna kikombe cha Athens cha karibu mwaka 430 KK. Ndani yake amechorwa mwanamume mwenye ndevu amejinyoosha kitandani, ameshika bakuli la kumiminia sadaka, na mkewe Persephone ameketi miguuni pake. Ndiye yeye, yuko karamuni. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi: ukimkuta mungu wa kale, kwanza uliza watu wake walimwomba nini. Maswali ya wema na uovu yaje baadaye.

Makosa mengine ninayoyasikia darasani nayapitia haraka. Eti Wamisri waliabudu paka. Paka alikuwa mnyama wa mungu wa kike Bastet, naye walimheshimu sana. Lakini walifuga paka wengi ili wauawe, wakaushwe na kufungwa sanda, wawe sadaka. Picha za eksirei zinaonyesha baadhi yao walivunjwa shingo. Nani atamvunja shingo mungu wake? Mwaka 1890 mizoga ya namna hiyo ipatayo 180,000 ilipelekwa Liverpool ikauzwa kama mbolea, jambo linaloniuma hadi leo.

Na hili la kwamba miungu ya Warumi ni ile ile ya Wagiriki iliyobadilishwa majina. Janus mwenye nyuso mbili, Mgiriki wake ni nani? Ares, mungu wa vita wa Wagiriki, tunaambiwa ndiye Mars wa Warumi, ilhali katika Iliadi Zeus anamwambia Ares usoni kwamba anamchukia kuliko miungu yote ya Olympus. Mars wa Warumi aliombwa na wakulima: nguruwe, kondoo na fahali walizungushwa kwenye mipaka ya shamba, kisha wakachinjwa, huku mwenye shamba akimsihi Mars baba aepushe magonjwa na kustawisha nafaka na mizabibu.