Vichupa vya K-pop: yanayosemwa sana na yanayoonekana kwenye fremu

Uchambuzi mwingi wa vichupa vya K-pop, yaani muziki wa pop wa Korea Kusini, huanzia kwenye maana: tufaha ni dhambi, mlango ni kifo, kwisha habari. Kabla ya maana kuna vitu vinavyohesabika na kupimika, na hivyo ndivyo vinavyoziangusha dhana nyingi zinazozunguka mitandaoni.

“Mikato ni mingi kwa sababu hawajui kucheza”

Hii ndiyo dhana sugu kuliko zote, nayo ni rahisi kuipima. Mkato ni pale picha inaporuka kutoka shoti moja (kipande kimoja cha kamera) hadi nyingine. Hesabu mapigo ya wimbo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Ukipata mapigo 120 kwa dakika, kila pigo lina nusu sekunde, yaani fremu 12 (fremu ni picha moja moja zinazounda video) ikiwa video ni ya fremu 24 kwa sekunde. Fungua YouTube kwenye kompyuta, simamisha video, halafu tembea fremu moja moja: kitufe cha nukta kinapeleka mbele, cha koma kinarudisha nyuma. Andika kila mahali picha inapobadilika. Chukua sekunde 20 za ubeti na 20 za kiitikio, kila kimoja peke yake, ugawe 20 kwa idadi ya shoti. Ubeti wenye shoti 8 una wastani wa sekunde 2.5, kiitikio chenye shoti 16 kina sekunde 1.25. Mara nyingi utakuta mkato umeangukia kwenye pigo lenyewe, au fremu moja mbili kabla yake. Mhariri anafuata muziki, hakimbizi makosa ya mchezaji. Angalizo: taa inayomweka si mkato. Kama kamera na mtu wako palepale, usiihesabu, vinginevyo wastani wako utakuwa wa uongo.

Halafu kuna hesabu ya watu. Kundi la SEVENTEEN lina watu 13. Wimbo wa dakika 3 na sekunde 15 ukigawanywa sawasawa, kila mmoja anapata sekunde 15 tu za kuonyesha uso, mavazi na hatua zake. Densi hurekodiwa mara kadhaa, katika kila seti (mandhari iliyotengenezwa kwa ajili ya kurekodi) na kwa mavazi ya seti hiyo. Ndiyo maana mkono unanyanyuliwa kwenye chumba chekundu na kushushwa kwenye chumba cheupe bila mwendo kukatika. Mkato wa namna hiyo unadai kiwiko kiwe kwenye pembe ileile mara zote mbili. Asiyejua kucheza angeuharibu. Anayetaka ushahidi zaidi atafute video ya mazoezi, ambayo vikundi vingi huitoa karibu na kichupa: kamera imesimama mbele, kundi zima linaonekana kuanzia kichwani hadi miguuni.

“Kila kitu kina maana iliyofichwa”

Vingine vinayo, na haijafichwa hata kidogo. Katika “Blood Sweat & Tears” ya kundi la BTS (2016) imo michoro ya mchoraji Pieter Bruegel Mzee, ule wa kuanguka kwa malaika waasi na ule wa kuanguka kwa Ikaro, kijana wa hadithi za Kigiriki aliyeruka kwa mabawa ya nta. Juu ya kioo yameandikwa maneno ya mwanafalsafa Nietzsche, RM wa kundi hilo anasoma kifungu kutoka riwaya ya Hermann Hesse, “Demian”, na mwenzake V anaonekana na makovu mgongoni, pale ambapo mabawa yangeota. Kishawishi, mabawa, anguko: kila ushahidi unashika mkono wa mwenzake. “Feel My Rhythm” ya kundi la Red Velvet (2022) nayo imejengwa juu ya michoro maarufu ya zamani, ukiwemo wa Ophelia uliochorwa na Millais na wa bembea uliochorwa na Fragonard, huku muziki wenyewe ukiwa umebeba kipande cha Bach, mtunzi wa muziki wa zamani wa Ulaya. Macho na masikio yanaambiwa jambo moja.

Kwa vitu vingine, uliza: kimerudi zaidi ya mara moja? Kamera imekisogelea? Kinaungana na mashairi au na kazi nyingine ya kundi hilo? Kikikosa yote matatu, ni pambo. Na simu iliyoshikwa ili nembo yake itazame kamera, hilo ni tangazo tu.

“Seti zote ni za kompyuta”

Tazama nyayo na sakafu. Kivuli kinachoanzia pale kiatu kinapogusa chini, pamoja na taswira ya mtu kwenye sakafu inayong'aa, kwa kawaida vinaonyesha sakafu ya kweli. Kompyuta mara nyingi huongeza anga na dari, na kufuta nyaya.

“Nywele zinaelea lakini midomo inaenda na wimbo, kwa hiyo ni programu”

Ni ujanja wa siku ya kurekodi. Wimbo unachezwa kwa kasi maradufu, msanii anaimba kwa kasi hiyo, kamera inachukua fremu 48 kwa sekunde. Picha ikichezwa kwa fremu 24, midomo inarudi sawa na wimbo wa kawaida huku nywele na nguo zikienda taratibu. Midomo ikianza kuachana na maneno, aghalabu msanii alichelewa kwenye kasi ile.

“K-pop ni rangi kali”

“Ditto” ya kundi la NewJeans (2022), iliyoongozwa na Shin Woo-seok, ni shule, majira ya baridi na picha chakavu za kamkoda (kamera ya video ya mkononi). “Spring Day” ya BTS (2017) ina stesheni ya reli, theluji na rangi zilizopauka. Kabla ya kuhukumu rangi, zima kichujio cha usiku na hali ya rangi kali kwenye simu yako. Usichambue picha iliyotumwa WhatsApp, maana imebanwa tena. Nyekundu nzito yenye kingo zilizochafuka inaweza kutokana na mbano wa video, kwa sababu mbano huo hutunza mwangaza vizuri kuliko rangi.

“Mtindo ni wa mwongozaji”

Mwongozaji hayuko peke yake. Min Hee-jin, akiwa kwenye kampuni ya muziki ya SM Entertainment, alisimamia sura ya makundi ya f(x) na SHINee bila kuwa mwongozaji wa video, kisha akaja kuiunda NewJeans. Na nje kabisa ya jukwaa la kurekodia kuna wakaguzi wa televisheni. KBS, kituo cha televisheni cha Korea Kusini, ilikataa kuonyesha “Gentleman” ya mwimbaji PSY (2013) kwa sababu anapiga teke koni ya barabarani, na “Catallena” ya kundi la Orange Caramel (2014), ambamo wasanii wamefungwa kwenye plastiki kama vyakula vya baharini, kwa madai ya kudharau uhai wa binadamu.