"Nikishikwa, nimeshikwa na nani?" Mpaka wa bahari na mvuvi wa Kiunga

Mwishoni mwa msimu wa kusi nilikaa na wavuvi chini ya mti wa mkungu pale Kiunga, kilomita chache kutoka mpaka wa Somalia. Nilikuwa nimebeba ramani, kalamu za rangi na maelezo niliyoyapanga vizuri kuhusu hukumu ya mwaka 2021 ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, huko The Hague, juu ya mpaka wa bahari kati ya Kenya na Somalia. Sikufika mbali. Mzee mmoja, nahodha tangu ujana wake, aliinua mkono akasema: "Mwanangu, hayo ya mahakama tumeyasikia redioni. Mimi nataka kujua hili moja. Nikishikwa kule mbele ya Ishakani, nimeshikwa na nani, na kwa sheria ya nani?"

Kazi yangu katika taasisi yetu ni kuelimisha umma juu ya sheria ya bahari, na nakiri swali lile lilinilazimu kuikunja ramani na kuanza upya. Makala haya ni jibu nililompa, pamoja na yale ambayo muda haukuniruhusu kuyasema siku ile.

Mpaka wa bahari huanzia ufuoni, kwa hiyo tuanze na nchi kavu. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipokubaliana juu ya milki ya Sultani wa Zanzibar, Lamu na Kismayu zote zilitambuliwa kuwa zake. Jahazi lililotoka Lamu kwenda Kismayu halikuvuka mpaka wowote. Mambo yalibadilika Julai 1924, pale Uingereza ilipotia saini mkataba wa kuipa Italia eneo la Jubaland, Kismayu ikiwemo. Tume ya mipaka ikapita ikisimika nguzo, ikamaliza kazi yake mwaka 1927. Nguzo kuu ya mwisho, namba 29, iko karibu na bahari mahali panapoitwa Dar es Salam, na hapo sisemi ile ya Tanzania. Wabajuni, wenyeji wa pwani hii, wakajikuta nusu wako upande wa Kiunga, Faza na Kizingitini, nusu wako Ras Kiamboni, Chula, Koyama na Kismayu. Nasaba ni zile zile, na harusi zimeendelea kuvuka nguzo hadi leo.

Tume ile ilishughulikia nchi kavu. Maji haikuyagawa kwa namna ambayo leo ingeyamaliza maswali yote, na wakati ule hapakuwa na haja kubwa. Haja ilikuja baadaye, dunia ilipokubali kwamba nchi yenye pwani ina haki mbali sana baharini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao Kenya na Somalia zote ziliuridhia mwaka 1989, unaipa nchi maji ya taifa hadi maili 12 za bahari kutoka ufuoni, yaani kama kilomita 22. Humo sheria zake zinatawala karibu kama zinavyotawala nchi kavu. Kisha kuna ukanda wa kiuchumi unaofika maili 200. Huko nje ya maji ya taifa meli za wengine zinapita zitakavyo, lakini samaki na mali iliyo chini ni ya nchi yenye pwani. Sakafu ya bahari inaweza kudaiwa mbali zaidi ya hapo, kwa masharti ya kisayansi.

Sasa tazama pwani yetu ilivyolala. Kutoka Lamu kwenda Kismayu haielekei kaskazini moja kwa moja, inaegemea kaskazini mashariki. Ukiwa nahodha, shika dira pale kwenye nguzo. Kenya ilisema mpaka uende mashariki moja kwa moja, digrii 90, ukifuata latitudo. Somalia ilisema mpaka uwe mstari wa kati, ambao kila nukta yake iko umbali sawa na pwani ya kila nchi, na kwa jinsi pwani ilivyolala, mstari huo unashuka kuelekea kusini mashariki. Karibu na ufuo mistari hiyo miwili haijaachana sana. Kadiri unavyoingia kilindini ndivyo inavyopanuka kama pembe ya tanga, na kati yake ikabaki pembetatu ya bahari yenye kilomita za mraba zaidi ya 100,000.

Kenya ilitangaza mstari wake wa latitudo mwaka 1979, ikaurudia mwaka 2005. Mwaka 2012 ikatoa vitalu vya kutafuta mafuta ndani ya eneo hilo kwa Eni ya Italia na Total ya Ufaransa. Agosti 2014 Somalia ikaenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Kenya ilipinga ikisema kulikuwa na maelewano yaliyotiwa saini Aprili 2009 ya kulimaliza jambo kwa njia nyingine. Februari 2017 mahakama ikajibu kwamba maelewano yale ni halali, ila hayazuii kesi. Uhusiano ukaanza kuchacha. Februari 2019 Kenya ilimwita nyumbani balozi wake wa Mogadishu, ikiituhumu Somalia kunadi vitalu vya eneo hilo huko London. Desemba 2020 Somalia ikakata uhusiano wa kibalozi, ukarejea Mei iliyofuata. Machi 2021 Kenya haikushiriki kusikilizwa kwa kesi, na tarehe 12 Oktoba 2021 hukumu ikatoka.

Hoja kubwa ya Kenya ilikuwa kwamba Somalia ilinyamaza tangu 1979, na aliyenyamaza ameridhia. Mahakama haikukubali, na kwa maoni yangu ilikuwa sahihi kisheria. Kimya kinahesabiwa kuwa ridhaa pale tu mtu alipokuwa na nafasi ya kusema na kila dalili inaonyesha amekubali kabisa. Somalia kwa miaka mingi tangu 1991 haikuwa na serikali inayoweza kufuatilia tangazo la jirani. Jirani yako akiwa msibani, ukapanda minazi kwenye mpaka wa shamba, huwezi kuja kusema alikuona akanyamaza.

Lakini Somalia nayo haikupewa mstari wake wote. Majaji waliuchora ule mstari wa kati, kisha wakatazama pwani kwa upana zaidi, kutoka Somalia hadi Tanzania. Wakaona Kenya imebonyea katikati, na kusini yake Pemba imesogea mbele baharini. Ukifuata umbali sawa pande zote mbili, bahari ya Kenya inabanwa kama mlango unaofungwa kutoka pande mbili. Kwa sababu hiyo, baada ya maili 12 za mwanzo waliusogeza mstari kaskazini, ukaenda digrii 114. Somalia ilipata sehemu kubwa ya pembetatu, Kenya ikabaki na sehemu yake. Jambo moja halikutangazwa sana hapa kwetu: mahakama ilikataa dai la Somalia kwamba Kenya ilivunja sheria kwa shughuli zake za kabla ya hukumu.

Kenya ilisema haiitambui hukumu. Mahakama ile haina askari wala manowari. Mkataba ulioanzisha Umoja wa Mataifa unaruhusu nchi iliyoshinda kwenda Baraza la Usalama, na kwa kawaida safari hiyo ni ya siasa zaidi kuliko sheria. Hata hivyo kukataa siku ya hukumu si lazima kuwe neno la mwisho. Nigeria nayo haikuipokea vizuri hukumu ya mwaka 2002 iliyoipa Kamerun rasi ya Bakassi. Baada ya mazungumzo marefu na makubaliano ya mwaka 2006, iliikabidhi Agosti 2008.

Kwa hiyo, mzee wangu, jibu la kwanza la swali lako linaumiza: leo kuna mistari miwili. Askari wa Kenya anaweza kuamini kwa dhati yuko kwake, na askari wa Somalia akaamini hivyo hivyo, mashua yako ikiwa katikati. Wakubwa wanapogombana, habari inayotangazwa ni ya balozi aliyeitwa nyumbani. Anayekutana na ugomvi huo ana kwa ana, saa tisa za usiku, akiwa na injini ndogo na jarife majini, ni mvuvi.

Jibu la pili lina nafuu kidogo. Pembetatu inayogombaniwa, kwa sehemu kubwa, ni bahari ya kilindi, ya jodari na meli kubwa za kigeni, na ya mafuta yanayotarajiwa. Wavuvi wengi wa Lamu hawafiki huko. Wanavua ndani ya mwamba au nje yake kidogo, wakitafuta changu, tewa na kamba mawe. Maji wanayoyahitaji ni ule ukanda wa karibu na pwani, ambako kiasi kinachobishaniwa ni kidogo na kinachopotea mvuvi akizuiwa ni kikubwa. Baada ya matukio ya utekaji nyara ya mwaka 2011 huko Kiwayu na Manda, Lamu ilipigwa marufuku ya kuvua usiku iliyodumu miaka. Waliokuwa wakiishi kwa uvuvi wa usiku wanajua marufuku hiyo iliwagharimu nini, na hawakuwa wao walioteka mtu.

Hapa ndipo kuna jambo ambalo limekuwa likinisumbua kwa muda mrefu, na ningeomba viongozi wa Lamu, wa kaunti na wa taifa, walitazame kwa makini. Kusini mwa nchi hii hii tuna mfano wetu wenyewe. Kenya na Tanzania zilikubaliana mpaka wa bahari kwa kubadilishana barua, Desemba 1975 na Julai 1976. Ndani ya makubaliano yale waliandika kwamba wavuvi wenyeji wa nchi zote mbili wanaovua kwa ajili ya riziki waruhusiwe kuvua hadi maili 12 kila upande wa mpaka wa maji ya taifa, kwa kufuata kanuni zilizopo. Mpaka ulichorwa na mvuvi akakumbukwa, katika karatasi ile ile. Nani alisema mvuvi wa Vanga, kule mpakani na Tanzania, anastahili kifungu hicho na wa Kiunga hastahili?

Wala si Afrika Mashariki peke yake. Eritrea na Yemen zilipigania visiwa vya Bahari ya Shamu hadi damu ikamwagika, kisha zikaenda kwa waamuzi. Mwaka 1998 waamuzi waliipa Yemen visiwa vikuu vilivyobishaniwa, lakini wakaamua kwamba uvuvi wa jadi wa watu wa pande zote mbili uendelee. Mwaka 1999, walipochora mpaka wa bahari, walisema wazi kwamba haki ya wavuvi wale haitegemei mstari ule. Mstari unaweza kugawa mafuta bila kuwagawa wavuvi. Kwa maneno mengine, Nairobi na Mogadishu zinaweza kuzungumza juu ya mvuvi wa Kiunga na wa Ras Kiamboni leo, huku kila moja ikishikilia msimamo wake juu ya pembetatu. Kuzungumza hilo si kukiri hukumu wala kuikana.

Wakati tunangoja, kuna mambo mawili ambayo kila nahodha anapaswa kuyajua. La kwanza ni tofauti ya kupita na kuvua. Ndani ya maili 12 za nchi nyingine, sheria inakuruhusu kupita kwa amani, mfululizo, bila kusimama ovyo. Ukipita na boriti au abiria wa harusi unapita. Ukitupa mshipi au wavu, hata kwa kitoweo cha njiani, hupiti tena, na haki ile imekutoka. Maagizo ya usalama ya serikali yetu wenyewe kuhusu maji ya mpakani yanabaki palepale, na lazima yafuatwe.

La pili ni kifungu cha 73 cha ule mkataba wa 1982. Ukishikwa kwa kosa la uvuvi katika ukanda wa kiuchumi, nje ya maili 12, chombo na mabaharia wanapaswa kuachiwa upesi dhamana ya haki ikitolewa. Adhabu haipaswi kuwa kifungo, isipokuwa nchi husika zimekubaliana hivyo, na viboko haviruhusiwi kabisa. Nchi iliyoshika inapaswa kuijulisha upesi nchi ya chombo. Ndani ya maili 12 ulinzi huu haukuhusu, na ndiyo sababu kujua mahali ulipo si anasa. Simu yenye ramani ya setilaiti ikihifadhi njia uliyopita, na karatasi za chombo zikiwa kwenye mfuko usioingia maji, ndugu yako aliyebaki nchi kavu ana kitu cha kumwonyesha wakili.

Nilipomaliza haya, mzee alinyamaza kidogo, akauliza kama kwenye kesi ya Eritrea na Yemen wavuvi walihojiwa. Nilimwambia kwamba katika mashauri ya namna ile kinachotafutwa ni ushahidi wa mazoea: nani amekuwa akivua wapi, tangu lini, kwa chombo gani, akiuza soko lipi. Sisi ushahidi huo uko vichwani mwa wazee, na wazee wanaondoka. Mwamba ambao Wabajuni wameuita jina moja kwa vizazi unaweza usiwe na jina lolote kwenye ramani ya serikali.

Tukafungua daftari pale pale chini ya mkungu. Jina la mwamba, kina chake kwa pima, upepo wa kuuendea, samaki wake, na nani alimwonyesha. Mzee alinitajia saba kabla ya adhuhuri. Wa nane alisema anaujua vizuri zaidi shemeji yake, aliye Chula.