Je, Wajua Kwa Nini Boti Mpya ya Mbao Huvuja Siku ya Kwanza Majini?

Anayenunua boti mpya ya mbao kwenye fuo za Kisumu hukutana na jambo la kumtia hofu. Boti aliyoilipia pesa nyingi, ambayo haijabeba hata wavu mmoja, inashushwa ziwani alfajiri, na kufikia saa nne asubuhi maji yako kwenye vifundo vya miguu. Mgeni wa kazi hii atadhani ametapeliwa. Fundi wala hashtuki. Anakaa kando na kikombe chake cha chai, anamwambia mwenye boti akumbe maji na asubiri.

Mara nyingi fundi ana haki. Boti ya mbao inapotoka kwenye kibanda chake huwa bado haijakamilika, na kazi iliyobaki hufanywa na maji yenyewe.

Mbao iliyokaushwa vizuri kivulini hubaki na unyevu wa kama asilimia 12 hadi 15 ya uzito wake. Ikizama majini, kuta za nyuzi zake hunyonya maji mpaka karibu asilimia 30, na muda wote huo zinavimba. Baada ya hapo maji huendelea kujaza matundu yaliyo ndani ya mbao, lakini ubao hauongezeki tena ukubwa. Ni jambo lile lile linalofanya mlango wa mbao ukwame msimu wa masika na kufunguka bila taabu Januari.

Ubao, hata hivyo, hauvimbi sawasawa pande zote. Kwa urefu hautanuki kiasi cha kuonekana kwa macho. Kwa upana ndiko unakojipanua: ubao wa sentimita 20 unaweza kuongezeka milimita kadhaa, ikitegemea aina ya mti na jinsi ulivyopasuliwa. Sasa fikiria ubavu wa boti. Mbao zimelazwa kutoka omo hadi tezi, yaani kutoka mbele hadi nyuma, ubao juu ya ubao, zimeshikwa kwa misumari na mataruma, zile mbavu za ndani ya boti. Upana wote unaoongezeka hauna pa kwenda ila kwenye maungio kati ya ubao na ubao. Hapo ndipo fundi alipokalafati, akasindilia pamba kwa patasi butu na nyundo. Mbao zikitanuka huibana ile pamba, pamba nayo imelowa na kuvimba, na mwanya uliokuwa ukipitisha maji asubuhi unajifunga polepole.

Kutokana na hilo utajua kwa nini fundi mzuri haogopi kuacha nafasi. Wateja wengi hupenda kuona mbao zimebanana hata karatasi isipite, na pamba imepigwa mpaka imekuwa ngumu kama jiwe. Boti ya namna hiyo hupendeza sana ikiwa juu ya magogo. Ikiingia majini, mbao hukosa nafasi ya kutanuka, zinasukumana, vichwa vya misumari vinavutwa, na wakati mwingine taruma linapasuka. Hali ni hiyo hiyo kwa mwanya ulioshindiliwa saruji au kitu kingine kigumu kisichokubali kubanwa. Mimi ningechagua boti inayovuja kidogo siku ya kwanza kuliko ile kavu kabisa ambayo fundi wake anajisifu.

Kuna njia ya kupunguza kiwewe. Siku mbili tatu kabla ya kuishua, yaani kuishusha majini, funika boti kwa magunia yaliyolowa, ndani na nje, na uyamwagie maji asubuhi na jioni. Wengine huijaza maji kabisa ikiwa bado nchi kavu, na hapo nina shaka. Mita moja ya ujazo wa maji ina uzito wa tani moja. Boti imeundwa kusukumwa na maji kutoka nje, tena kila mahali kwa pamoja. Ukiijaza ikiwa imekalia magogo mawili, uzito wote unaegemea sehemu mbili za mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba boti nzima, na mbavu zinasukumwa kuelekea nje. Ndoo chache zinazozungukazunguka ndani zinatosha.

Siku ya kuishua, chagua alfajiri. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko ziwa, kwa hiyo upepo huvuma kutoka nchi kavu kuelekea majini. Jua likishapanda, nchi hupata joto na upepo unageuka. Mchana unaingia kutoka ziwani, unapita Ghuba ya Winam na kuleta mawimbi hadi Dunga na fuo nyingine za upande wa Kisumu. Boti tupu, nyepesi, isiyo na injini, ikishushwa saa tisa alasiri hupigwa ubavuni na kurudishwa kwenye mawe kabla watu hawajaruka ndani. Alfajiri maji hutulia. Tanguliza anayejua ufuo achunguze mahali pa kupita, kwa sababu kando ya mafunjo viboko nao wana ratiba yao, na alfajiri ndio wakati wanaporudi majini kutoka malishoni. Sukuma juu ya magogo ya mviringo, omo mbele, watu wakae ubavuni. Asikae mtu mbele ya boti inayoteremka, hata kama ni nusu dakika tu ya kuondoa gogo lililokwama.

Ikishaelea, ifunge kwenye maji ya kiuno juu ya mchanga, ili hata ikijaa ikae chini bila kuumia. Usifunge injini bado. Kisha anza kazi ambayo wengi huipuuza, yaani kuangalia maji yanaingilia wapi.

Maji yanayotoka kama jasho kwenye maungio marefu, mahali pengi kwa wakati mmoja, ni yale ambayo mbao zitayafunga zenyewe. Hayo kumba, pumzika, kumba tena. Maji yanayoruka kama uzi kutoka tundu moja ni habari nyingine. Angalia tundu la msumari uliokosa taruma, kifundo cha mti kilicholegea, ufa unaofuata urefu wa ubao, au pale mkuku unapokutana na ubao wa kwanza. Hakuna kuvimba kutakakoziba hayo. Njia rahisi ya kupima ni kuchora alama kwa chaki ndani ya boti na kuangalia maji yanachukua muda gani kuifikia. Muda ukirefuka kila mara, mbao zinafanya kazi. Kwa kawaida sehemu kubwa ya uvujaji hupungua ndani ya siku mbili tatu. Wiki ikipita na muda ni ule ule, itoe boti majini na umwite fundi, hata akija na maneno mengi.

Kwa nini usianze tu kuvua, ukawa unakumba maji njiani? Piga hesabu. Chukua boti yenye sakafu ya mita 7 kwa mita 1. Maji ya kina cha sentimita 10 humo ndani ni lita 700, na lita 700 ni kilo 700, karibu watu kumi wazima ambao hukuwaalika. Na watu hao hawatulii. Mzigo wa samaki ukilala sakafuni hubaki ulipo, lakini maji hukimbilia upande boti inakoinama na kuiinamisha zaidi. Ndiyo maana boti yenye maji kidogo ndani inaweza kupinduka kwa wimbi ambalo jana iliyakata mengi ya aina hiyo bila kutikisika. Ukiona maji yanateleza kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, kaeni chini wote, mkumbe kwanza, nyavu baadaye.

Ziwa lenyewe halisaidii wavivu. Ghuba ya Winam ina kina kifupi, na kwenye kina kifupi upepo huinua mawimbi mafupi yaliyosimama wima, yanayofuatana bila kumpa nahodha nafasi ya kunyoosha omo. Ukivuka mlango kati ya Uyoma na Rusinga unakuta ziwa kubwa, lenye kilomita za mraba karibu 68,800, ambako upepo una umbali mrefu wa kujenga mawimbi. Wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, hufanya kazi usiku, hasa usiku wa giza ambapo taa zao huvuta samaki, na hizo ndizo saa ambazo upepo wa nchi kavu kutoka pande zote hukutana katikati ya ziwa, hewa yenye unyevu ikapanda na kuzaa radi. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa ziwa; uangalie kabla ya kubeba taa. Safari za kwanza za boti mpya zifanye mchana, ufuo ukionekana, na mzigo nusu.

Jaketi la kuokolea maisha livaliwe, lisiwe la kukalia. Na boti ikipinduka, ishikilie. Mbao ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo boti ya mbao iliyojaa kwa kawaida hubaki ikielea ingawa imezama hadi mdomoni. Wengi huzama kwa sababu waliiacha wakaogelea kuelekea taa za ufuo zilizoonekana karibu.

Karatasi nazo zisisahauliwe. Anza na kikundi cha usimamizi wa ufuo wenu, ambacho kila mvuvi hukiita BMU, kisha maofisa wa uvuvi kwa usajili na leseni, na Mamlaka ya Bahari ya Kenya kwa ukaguzi wa usalama.

Injini mpya nayo ina wiki yake ya uchanga. Zile za mipigo miwili zinazopendwa ziwani huhitaji oili zaidi ndani ya petroli kwa saa za mwanzo kuliko baadaye. Kipimo kimeandikwa kwenye kitabu chake, na kitabu hicho kisomwe, kisifungiwe vitafunio. Saa kumi hivi za kwanza usiibane mpaka mwisho, wala usiiache kwenye mwendo mmoja muda wote. Kila mara angalia ule mkondo mwembamba wa maji unaoruka kutoka ubavuni mwa injini. Ukikatika, injini haipozwi: zima mara moja. Kwetu huku mkosaji wa kwanza ni gugumaji, ambalo limekuwapo Ziwa Victoria tangu miaka ya mwisho ya 1980. Mizizi na majani yake huziba tundu la kuvutia maji na kujisokota kwenye panga. Funga ile kamba ya kuzimia injini mkononi, kwa sababu ukianguka, boti isiyo na mtu huzunguka na kurudi pale pale ulipo. Petroli ijazwe nchi kavu. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini kabisa mwa boti, penye ngama, yale maji yanayotuama chini ya sakafu, ukisubiri mtu awashe sigara.

Sasa linakuja swali gumu zaidi: ukishamaliza kuvua, boti ikae wapi? Ile mbao iliyovimba ikajifunga, ikikaa juani hukauka, husinyaa na kufungua maungio upya. Wavuvi wa omena hulijua hili kila mwaka, maana uvuvi wao husimamishwa kuanzia Aprili hadi Julai. Boti iliyolala ufuoni miezi hiyo hurudi majini ikivuja kama mpya, tena pengine vibaya zaidi, kwa kuwa pamba ya zamani imechoka.

Basi iachwe majini daima? Hapana, huko nako kuna mlaji. Ziwa letu halina yule mdudu wa bahari anayetafuna majahazi ya Lamu na Mombasa, lakini lina mdudu wake. Wataalamu humwita Povilla adusta. Akiwa mchanga huishi majini na kujichimbia vijumba ndani ya mbao iliyozama. Akikomaa huota mabawa na kuruka, na Ziwa Victoria ndiko ilikoonekana kwamba huruka kwa wingi siku chache baada ya mwezi mpevu. Mtoto wake hawezi kuishi pakavu. Kwa hiyo kuitoa boti nje kwa siku chache, kuikwangua chini na kuipaka rangi upya, kunamuua yeye bila kuikausha mbao kupita kiasi. Ikibidi ikae nje muda mrefu, iwekwe chini ya mti au ifunikwe, omo ikiwa imeinuliwa kidogo na kizibo cha tezini kimeondolewa.

Hicho kizibo kisichukuliwe kuwa kitu kidogo. Maji ya mvua yaliyotuama ndani huharibu boti kuliko ziwa lenyewe. Ukungu unaoozesha mbao unahitaji unyevu na hewa kwa pamoja. Ubao uliozama muda wote hukosa hewa, ubao mkavu hukosa unyevu. Unaooza ni ule wa katikati, chini ya sakafu, nyuma ya taruma, pembeni mwa misumari ya chuma iliyoanza kuota kutu. Chomeka ncha ya kisu huko mara kwa mara. Mvule huvumilia kuoza miaka mingi, ndiyo maana wazee waliupenda, lakini siku hizi ni adimu na ghali, na boti nyingi zinaundwa kwa mikaratusi na miti mingine isiyo na ustahimilivu huo. Boti ya mti laini inahitaji kisu hicho mapema zaidi.

Wapo wanaokwepa yote haya kwa kununua boti ya faiba. Faiba hainywi maji, haivimbi, haisinyai, na mdudu haitaki. Lakini kwa sababu hiyo hiyo haina namna ya kujifunga yenyewe. Ikivuja siku ya kwanza, usikae kando na kikombe cha chai. Irudishe kwa aliyekuuzia.